Chui wa Tingatinga Alilala kwa Nani?

Msomaji, juzi nilitoka zangu Levolosi kwa mguu hadi kwenye vibanda vya vinyago mjini. Nikamkuta chui amechorwa juu ya silingibodi, na pembeni pameandikwa "E. S. Tingatinga". Muuzaji akaniapia: "Ya mzee mwenyewe hiyo, mdogo wangu!" Nikamwuliza aliinunua kwa nani. Kimya.

Hapo ndipo ugomvi wangu na wahakiki wetu unapoanzia. Tunasifia rangi na madoa ya chui, basi. Hatuulizi picha imepita mikononi mwa nani.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu, jamani! Picha zake zitajaaje kila kibanda? Wanafunzi wake walifuata mtindo ule ule, na wajanja wakabandika jina lake kwenye kazi zisizo zake. Kwa hiyo sahihi peke yake haitoshi.

Kinachotoa ushahidi ni mlolongo wa wenyewe: nani alinunua kwanza pale Morogoro Stores, Oysterbay, akamrithisha nani, dalali gani akaiuza, mnada upi, mwaka upi. Pengo moja tu, na shaka inaingia.

Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Waliporudi kwao waliondoka na picha, na risiti au barua ikiwapo ikaondoka nao. Ndiyo maana chui akifika mnadani Ulaya, kisa chake kinasimuliwa na aliyemnunua, si na aliyemchora. Bei inapanda kila anapobadilisha mikono. Mchoraji alilipwa mara moja. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1920 ili msanii au warithi wake wapate fungu kazi inapouzwa tena. Lakini fungu hilo utalidai wapi kama hujui picha iko kwa nani?

Chui wa kile kibanda huenda ni halali, huenda ni feki. Hakuna wa kumtetea, na hilo ndilo linaloniuma. Wachoraji wenzetu, nunueni daftari la shule: jina la picha, tarehe, mnunuzi, bei. Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.