Ngazi, Kinanda na Gauni Jeupe

Katika filamu nyingi za kauboi za zamani, mwanamke alipewa kazi tatu: kungoja, kulia na kuokolewa. Johnny Guitar, iliyotoka Marekani mwaka 1954, ilizigawa kazi hizo upya. Jina la filamu amelibeba mwanamume mpiga gitaa, lakini steringi ni mwanamke, adui ni mwanamke, na pambano la mwisho la bastola ni la wanawake wawili, huku wanaume wenye bunduki wakisimama pembeni na kutazama. Wengi huisifu kwa ujasiri huo. Mimi huisifu zaidi kwa ufundi wake. Kuandika kwamba mwanamke fulani ana nguvu ni rahisi. Kumfanya mtazamaji azione nguvu hizo kabla mwanamke huyo hajafungua mdomo ni kazi ya mafundi waliobobea.

Kisa chenyewe si kirefu. Vienna, anayechezwa na Joan Crawford, ana baa ya pombe na kamari peke yake nyikani. Wateja ni wachache, lakini yeye hana wasiwasi, kwa sababu anajua reli inakuja na itapita hapo hapo penye ardhi yake. Emma Small, anayechezwa na Mercedes McCambridge, ni tajiri wa mifugo asiyetaka reli wala wageni itakaowaleta. Kaka yake ameuawa katika uporaji wa gari la farasi, na Emma anashikilia kwamba waliofanya hivyo ni Dancin' Kid na wenzake, na kwamba Vienna ni mshirika wao. Chini ya tuhuma hiyo kuna jambo jingine: Emma anamtamani Kid, anajichukia kwa kumtamani, na Kid macho yake yako kwa Vienna. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapa fahali wote wawili wamevaa pete za kike.

Mwongozaji ni Nicholas Ray. Kabla hajaingia kwenye sinema, katika miaka ya 1930, Ray alikuwa mwanafunzi wa msanifu majengo Frank Lloyd Wright kule Taliesin, Wisconsin. Masomo hayo yanaonekana wazi ndani ya baa ya Vienna. Jengo limeegemezwa kwenye mwamba, na mwamba wenyewe, mwekundu na wenye makovu, ndio ukuta wa ndani. Nje kuna vilima vyekundu vya Sedona, Arizona, ambako filamu ilipigwa. Anayeingia humo anaelewa mara moja kwamba mwenye nyumba hii hakupanga chumba kwa mtu. Amejichimbia mahali pake, na kumng'oa kutahitaji moto.

Kisha kuna ngazi. Chini ni kwa wateja, meza za kamari na kaunta ya pombe. Juu ni kwa Vienna mwenyewe. Emma anapoingia kwa mara ya kwanza na kundi la wanaume wenye hasira, Vienna amesimama juu, kavaa suruali na shati jeusi, bastola kiunoni. Ray anaiweka kamera chini pamoja na wavamizi, kwa hiyo nasi tunalazimika kuinua macho. Vienna hapigi kelele. Anawaambia kwa utulivu kinachouzwa chini, na kitakachompata atakayethubutu kupanda. Wale wanaume ni wengi na wana silaha, lakini picha imeshawashinda. Sehemu kubwa ya nusu saa ya mwanzo inapita ndani ya chumba hicho kimoja, na haichoshi, kwa sababu kila anayepiga hatua mbele, kurudi nyuma au kusogelea zile ngazi anabadilisha mizani ya nguvu.

Katikati ya joto hilo kuna jambo dogo ambalo hunifanya nirudishe picha nyuma kila mara. Bastola zinakaribia kuchomolewa. Bilauri ndogo ya pombe inabingirika juu ya kaunta kuelekea ukingoni, na ikianguka, sauti yake tu ingetosha kuanzisha mauaji. Mkono unatokea na kuidaka. Ni mkono wa Johnny, anayechezwa na Sterling Hayden, mpenzi wa Vienna wa zamani, aliyefika na gitaa mgongoni bila bastola. Ndipo anapoanza kuzungumzia utamu wa sigara na kikombe cha kahawa. Ray amegawa kazi kinyume na mazoea: mwanamke juu na bastola, mwanamume chini na kikombe cha kahawa, na hakuna hata mmoja anayeonekana kupungukiwa.

Filamu ilitengenezwa na Republic Pictures, kampuni iliyojulikana kwa filamu za kauboi za gharama ndogo, na rangi zake ni za mfumo wa Trucolor. Mpigapicha alikuwa Harry Stradling, aliyekwisha kupata Oscar kwa The Picture of Dorian Gray ya mwaka 1945. Yeye na Ray walizifanya rangi zizungumze. Ukimfuata Vienna kwa mavazi tu, utakisoma kisa chote: nyeusi anapolinda mlango wake, nyeupe siku anayoshambuliwa, nyekundu anapokimbia, njano angavu pambano la mwisho linapofika. Kila mara anapobadili nguo, msimamo wake pia umebadilika.

Tukio la gauni jeupe ndilo kilele cha ufundi huo. Emma na watu wake wametoka kumzika kaka yake, wote wamevaa nguo nyeusi za msiba. Njiani, kofia ya Emma yenye shela inamdondoka na kubaki mavumbini, naye haangalii nyuma. Maombolezo yameisha, limebaki windo. Wanapoingia kwenye baa wanamkuta Vienna peke yake, amekaa kwenye kinanda mbele ya ule ukuta wa mwamba, amevaa gauni jeupe lililotanda pande zote. Anapiga kinanda. Hasimami, hakimbii, na vidole haviachi kazi. Weusi umeujaza upande mmoja wa picha. Upande wa pili kuna weupe mmoja tu, na jicho haliwezi kwenda kwingine. Huhitaji mtu akueleze nani yuko peke yake na nani anaongozwa na kundi. Tena Crawford, aliyekuwa ameshavuka miaka 45, anapiga huku amenyoosha mgongo, uso umetulia kabisa. Hofu yote ya tukio hilo anatuachia sisi tuibebe.

Kinachofuata ni kichungu. Kijana wa genge la Kid aitwaye Turkey, aliyejeruhiwa na kufichwa na Vienna chini ya meza, anagunduliwa. Anaahidiwa uhai wake akikubali kumtaja Vienna kuwa mshirika wa waporaji. Vienna anamruhusu ajiokoe. Anamtaja, kisha ananyongwa vilevile. Mwaka 1954 Hollywood ilijua vizuri maana ya jambo hilo, kwani wasanii wengi walikuwa wamebanwa na kamati ya Bunge la Marekani wawataje wenzao kuwa wakomunisti. Hayden mwenyewe aliitwa mwaka 1951 na akataja majina. Ward Bond, anayecheza mmoja wa vinara wa msako, alikuwa kiongozi katika jumuiya ya wanasinema waliounga mkono usakaji huo nje ya filamu pia. Ray aliwaweka wote kwenye picha moja, na tukio likapata uzito usioweza kuandikwa kwenye mswada.

Sifa nyingine apewe McCambridge. Adui mbaya wa filamu ni rahisi kumfanya kinyago, lakini yeye alimpa Emma njaa ya kweli. Mwili wake ni mdogo, sauti yake inakata, na anatembea kwa kasi kama anayeogopa kwamba akitulia wale wanaume wataanza kufikiri. Anapoiangusha taa ya darini kwa risasi na moto kuishika baa, anatoka nje na uso unaong'aa kwa furaha ya kutisha. Baadaye, Vienna akiwa na kitanzi shingoni, hakuna mwanamume anayekubali kumchapa farasi ili amnyonge. Emma analazimika kuifanya kazi hiyo mwenyewe, na Johnny anawahi kuikata kamba. Hapo ndipo tunaona kwamba chuki aliyoipanda kwa wengine ilikuwa yake peke yake.

Wala nguvu za Vienna hazikumnyima moyo. Usiku mmoja Johnny anamwomba amdanganye tu, amwambie kwamba alimngoja miaka yote mitano waliyokuwa mbalimbali. Crawford anayarudia maneno ya mapenzi neno kwa neno, kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka, na sisi tunasikia kwamba yote ni kweli. Mwongozaji Pedro Almodóvar alilipenda tukio hilo hata akalitia ndani ya filamu yake ya mwaka 1988 kuhusu wanawake waliofikishwa ukingoni, ambamo shujaa wake wa kike anaingiza sauti ya Vienna kwa Kihispania. Wafaransa walikuwa wameipenda filamu mapema zaidi. François Truffaut aliitetea tangu akiwa mhakiki kijana. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa mwaka 2008.

Pambano la mwisho linairudia hesabu ya ngazi. Vienna yuko juu, kwenye kibanda cha maficho; wanaume wa msako wako chini, wamechoka, na sasa wanakiri kwamba ugomvi huu si wao. Emma anapanda peke yake. Ile safari aliyozuiwa kuifanya mwanzoni mwa filamu anaifanya sasa, na anapopigwa risasi anaporomoka hadi chini. Vienna anashuka kwa miguu yake, na wanaume wanampisha.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Waandishi na waongozaji wanaotaka kuunda wanawake wenye nguvu kwenye sinema wana mengi ya kuchota hapa. Vienna hakupewa hotuba kuhusu haki zake. Alipewa ardhi aliyoilipia, mpango wa miaka ijayo, mahali pa kusimama ambapo kamera inamheshimu, na adui anayelingana naye kimo. Mwanamke akipewa hivyo vyote, mwigizaji wa kiwango cha Crawford atayamaliza yaliyobaki, na mtazamaji hatauliza kwa nini wanaume wamekaa kimya.