Filipok na Herufi Isiyomo Kinywani Mwake: Uhakiki wa Kisa cha Leo Tolstoy

Kisa kifupi cha "Filipok", kilichomo katika kitabu cha Leo Tolstoy cha kufundishia kusoma, Alfabeti Mpya (1875), husomwa kwa kawaida kama hadithi ya mtoto mdogo mwenye hamu ya shule. Mama anamkataza kwa kuwa bado mdogo. Yeye anasubiri bibi apitiwe na usingizi, anachukua kofia kuukuu ya baba yake na kutoroka. Njiani anakimbizwa na mbwa. Anafika, anaogopa, analia, anahurumiwa, anapokewa. Usomaji huo si wa makosa, lakini unalipita haraka mno tukio linalobeba uzito wa kisa kizima. Mwalimu anamtaka mtoto aunganishe silabi za jina lake mwenyewe, naye anaziunganisha kwa namna inayowachekesha wenzake wote. Sauti ya kwanza ya jina lake, /f/, haitoki. Badala yake inatoka kh ikifuatwa na v.

Kicheko hicho kina historia. Kislavoni cha kale hakikuwa na fonimu /f/. Iliingia pamoja na maneno ya kigeni, hasa majina ya Kigiriki yaliyoletwa na Ukristo, na katika lahaja nyingi za vijijini, zikiwemo za Urusi ya kusini, wasemaji waliendelea kwa karne nyingi kuitamka kwa kh au khv. Fyodor alikuwa Khvyodor. Alfabeti, kwa upande wake, ilikuwa karimu kupita kiasi: hadi mageuzi ya tahajia ya mwaka 1918 Kirusi kilikuwa na herufi mbili za sauti hiyo moja, Ф iliyotokana na fi ya Kigiriki na Ѳ iliyotokana na theta. Mtoto wa mkulima aliyeanza kusoma wakati wa Tolstoy alikabidhiwa herufi mbili za sauti ambayo huenda nyumbani kwao haikutamkwa na mtu yeyote. Filipok ana bahati mbaya zaidi, kwani herufi hiyo ndiyo inayolifungua jina lake.

Tolstoy anaandaa tukio hili tangu mstari wa kwanza. Msimulizi anamtaja mtoto kwa jina rasmi, Filipp, jina la Kigiriki lenye maana ya mpenda farasi. Mama anapofungua kinywa anamwita Filipok, kwa kiambishi tamati cha Kirusi cha kudogosha na kubembeleza, na baada ya hapo msimulizi naye, karibu kila mara, anamfuata mama. Shuleni, mtoto anapoombwa jina, haungi lile la ubatizo bali lile la mama. Kwa hiyo jina analolitoa limeguswa na kijiji pande zote mbili: mwanzoni kwa matamshi, mwishoni kwa mofolojia. Kilichobaki cha Kigiriki ni silabi ya katikati na kidogo kinachoizunguka.

Jambo la pili ni ukimya. Mkulima aliyewafukuza wale mbwa anamuuliza mtoto aendako, naye hajibu. Mwalimu anamuuliza yeye ni nani, naye anashindwa kujibu, koo limemkauka kwa hofu, na wanafunzi wengine ndio wanaomtambulisha. Maneno yake ya kwanza ndani ya shule ni zile silabi za jina lake. Swali la mwalimu linapata jibu la mwenyewe kwa njia ya herufi peke yake, tena kwa matamshi ya kwao. Wenzake wanacheka, mwalimu anamsifu. Hamsahihishi.

Sifa hiyo haiwezi kueleweka bila kukumbuka namna kusoma kulivyofundishwa. Kwa utaratibu wa zamani, kila herufi ilikuwa na jina la Kislavoni cha Kanisa lililokuwa neno zima: az, yaani mimi; dobro, yaani wema; zemlya, yaani ardhi. Ф iliitwa fert, И iliitwa izhe. Ili kufika kwenye silabi fi, mwanafunzi alitaja fert na izhe, kisha akatakiwa agundue mwenyewe kwamba sehemu kubwa ya alichokitaja ni ya kutupwa. Maksim Gorky, katika Utotoni (1913–1914), ameuchora ufundishaji huo kwa upendo usiotarajiwa: mtoto anayefunzwa na babu yake anaziona herufi kama viumbe na watu wa nyumbani, moja ikifanana na mnyoo, nyingine na fundi aliyepinda mgongo. Ni ukurasa mzuri kuliko wowote katika "Filipok". Hata hivyo uzuri wake ni wa jicho. Tolstoy, aliyewafundisha watoto wa wakulima huko Yasnaya Polyana tangu 1859, alishughulika na sikio: konsonanti iitwe kwa sauti yake ikisindikizwa na irabu fupi, kisha iunganishwe. Ndivyo Filipok anavyofanya, na kwa mujibu wa njia hiyo hajakosea hatua hata moja. Amesikia, ameunga, amepata jina.

Linganisha na kinachofuata. Akiwa amepata ujasiri, mtoto anajigamba kwamba alielewa yote mara moja. Mwalimu anamuuliza kama anajua sala. Anaanza kumsalia Mama wa Mungu, na kila neno analipotosha. Hapo ndipo mwalimu anapomkatiza na kumwambia aache majigambo, ajifunze kwanza. Makosa ya matamshi yapo pande zote mbili, ila hukumu ni tofauti. Jina limeundwa na mtoto kutokana na sauti anazozijua. Sala imekaririwa bila kueleweka. Yapo matoleo ya watoto yaliyoiondoa sala hiyo, na madhara yake si ya kidini tu. Karipio linabaki likining'inia baada ya sifa, bila sababu nyingine isipokuwa majigambo, na kisa kinageuka kuwa onyo dogo juu ya adabu.

Kwa mfasiri wa Kiswahili tatizo lipo mahali pengine. Sauti /f/ haimsumbui mtoto wa Kiswahili, na kh anayoitamka Filipok ndiyo inayowapa taabu wengi wa bara, wanaosema Hadija pale jina linapoandikwa Khadija. Akiyanakili matamshi ya Filipok kama yalivyo, msomaji ataona kituko tu, wala hatatambua lahaja. Kinachotakiwa ni jina lililopokewa pamoja na dini, lenye herufi ambayo kinywa cha nyumbani kimeifanyia makao yake. Fadhili anayejiita Fazili angefaa. Ramadhani angefaa zaidi, kwa kuwa mashariki ya Kongo jina hilo limekwisha kuandikwa Ramazani, nalo ndilo lililomo katika vyeti vya watu, wala halimchekeshi mtu.