Simba wa Akagera: Jinsi Kuonekana Kwao Kulivyotengenezwa

Safari za kuongozwa za kutazama wanyama wala nyama katika hifadhi za taifa, ambazo mgeni hulipia ili mtu mjuzi wa pori ampeleke mahali ambapo mnyama mwenye tabia ya kujificha huenda akaonekana, kwa kawaida hunadiwa kwa lugha ya bahati. Lakini anayechunguza namna zinavyoandaliwa hugundua kwamba sehemu kubwa ya bahati hiyo ni matokeo ya kazi iliyofanywa miaka mingi kabla ya gari kuondoka. Kwa mkazi wa Nyamirambo, mtaa wa jiji la Kigali, mfano ulio karibu zaidi ni simba wa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, iliyoko mashariki mwa Rwanda kwenye mpaka wa Tanzania, mwendo wa takriban saa mbili na nusu kwa gari kutoka Kigali kupitia Rwamagana na Kayonza. Hata maji yameziunganisha sehemu hizo mbili, kwa kuwa mto Nyabarongo, unaopita chini ya Mlima Kigali nyuma ya Nyamirambo, huungana na Akanyaru, hufika Ziwa Rweru, kisha hutoka kwa jina la Akagera na kwenda kulisha maziwa na vinamasi vya mafunjo vilivyo upande wa mashariki wa hifadhi.

Kielelezo kinachotajwa sana duniani katika fani hii ni cha Yellowstone, Marekani, ambako mbwa mwitu wa kijivu waliangamizwa kufikia miaka ya 1920 na kurudishwa mwaka 1995 na 1996, walipoletwa 31 kutoka Kanada. Huko wageni huwafuata mbwa mwitu hasa majira ya baridi kali, na sababu zake ni za kiufundi: manyoya ya mnyama hujitokeza juu ya weupe wa theluji, kulungu wakubwa anaowawinda hushuka kutoka milimani na kukusanyika mabondeni, na barabara ya kaskazini, ambayo karibu ni hiyo peke yake inayobaki wazi kwa magari ya kawaida, hupita katika mabonde hayohayo. Kanuni inayopatikana hapo ni kwamba msimu bora wa kutazama ni ule unaoondoa maficho na kuyabana mawindo mahali pamoja. Akagera haina theluji, lakini kiangazi kirefu cha kuanzia Juni hadi Septemba, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa impeshyi, hufanya kazi hiyohiyo, kwa sababu nyasi hunyauka na kulala, madimbwi ya bara hukauka, na makundi ya pundamilia, nyamera na swala pala hulazimika kusogea karibu na maziwa ya kudumu kama Ihema, Hago na Rwanyakazinga.

Msimu, hata hivyo, haumsaidii mtazamaji ikiwa mnyama mwenyewe hayupo, na kwa takriban miaka 15 simba hawakuwapo Akagera kabisa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1934 wakati wa utawala wa Wabelgiji, ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 2,500. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wakimbizi waliokuwa wameishi uhamishoni kwa miongo mingi walirejea na ng'ombe wao, wakahitaji ardhi, na mwaka 1997 mpaka wa magharibi ulichorwa upya kiasi kwamba zaidi ya nusu ya eneo iligawiwa kwa makazi na malisho. Simba aliyebaki ndani ya kipande kidogo kisicho na kizuizi alikutana na ng'ombe karibu kila usiku, na mfugaji aliyepoteza mali yake alijibu kwa njia aliyokuwa nayo, yaani kutia sumu katika mzoga ambao simba angeurudia. Njia hiyo huua kundi zima kwa usiku mmoja, kwa kuwa simba hula pamoja, na hapo ndipo ulipo udhaifu wa mnyama huyu ukilinganishwa na chui, ambaye hula peke yake na ambaye hakutoweka Akagera.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya kiufundi haikumhusu simba, bali uzio. Mwaka 2010 shirika la African Parks lilianza kuiendesha hifadhi kwa ubia na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, na kufikia mwaka 2013 uzio wa umeme unaotumia nguvu ya jua, wenye urefu wa kilomita 120, ulikuwa umekamilika upande wa magharibi, huku upande wa mashariki ukiachiwa mto na vinamasi. Uzio wa aina hii haumzuii mnyama kwa uimara wake. Humfundisha kwa maumivu mafupi ya umeme, kisha hutegemea kumbukumbu yake, na ndiyo maana unahitaji watu wa kuukagua kila siku, kwani waya uliolala sehemu moja huvunja somo lote. Sambamba na uzio iliendelea sera ya kugawana mapato, ambayo tangu 2005 ilitenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa kwa miradi ya vijiji jirani na mwaka 2017 ikapandishwa hadi asilimia 10. Ni haki kusema kwamba bila mambo hayo mawili simba wangerudishwa ili wauawe tena.

Simba saba waliwasili katikati ya mwaka 2015 kwa ndege kutoka Afrika Kusini: majike watano wa hifadhi ya Phinda na madume wawili wa Tembe, zote zikiwa KwaZulu-Natal. Uchaguzi huo unastahili kutazamwa kwa makini. Kwanza, majike na madume walitoka sehemu tofauti, jambo lililopunguza hatari ya ndugu kuzaana. Na ili kuongeza damu mpya, madume wengine wawili waliletwa mwaka 2017. Pili, na hili husahauliwa mara nyingi, Phinda na Tembe ni hifadhi zinazopokea watalii, hivyo simba waliokulia huko walikwisha kuzoea magari, yaani walikuwa wamejifunza kwamba chuma kinachonguruma na kunuka mafuta si adui wala si chakula. Mazoea ya namna hiyo hujengwa taratibu kwa mnyama wa porini kabisa, na Akagera iliyapata yakiwa yamekwisha kukomaa.

Baada ya kushushwa, simba hawakufunguliwa moja kwa moja. Waliwekwa katika zizi la muda lenye uzio ndani ya hifadhi, wakalishwa humo kwa wiki kadhaa huku wakichunguzwa, na mwishoni mwa Julai mlango ukafunguliwa. Njia hii, ambayo wataalamu huiita uachiaji wa taratibu, hujibu tatizo mahususi: simba aliyehamishwa huwa na msukumo wa kurudi alikotoka, na akiachiwa siku ileile hutembea mfululizo mpaka agonge uzio au aufikie mpaka. Zizi huvunja msukumo huo, humzoesha harufu na sauti za mahali papya, na huwapa majike na madume wasiofahamiana nafasi ya kuwa kundi moja kabla ya kulazimika kuwinda. Watoto wa kwanza walizaliwa mwaka uliofuata, na leo idadi ya simba imepita 40.

Wote saba walikuwa wamevishwa kola za satelaiti, yaani mikanda ya shingoni yenye kifaa kinachopokea mahali kilipo kutoka angani na kutuma taarifa hiyo kwa vipindi. Ni rahisi kudhani kwamba kola ndiyo siri ya safari za kutazama simba, lakini dhana hiyo ni pungufu. Kola hutoa nukta kwa vipindi, na kati ya nukta mbili simba anaweza kuvuka kilima. Betri yake huisha. Wala si kila simba anayezaliwa huvishwa. Kazi yake ya msingi ni ulinzi, ili askari wa wanyamapori wajue mapema simba anayesogelea uzio au aliyelala mahali pamoja kwa muda usio wa kawaida, dalili inayoweza kumaanisha mtego au sumu.

Panapoishia kola huanza mwongozaji. Akagera ina waongozaji wa kujitegemea wanaotoka vijiji vinavyopakana na hifadhi, waliopewa mafunzo na ambao hulipwa na wageni wanaowachukua langoni, na ujuzi wao ni wa kusoma ishara nyingi ndogo kwa pamoja. Unyayo wa simba hauonyeshi kucha, kwa kuwa hurudishwa ndani anapotembea, ilhali wa fisi huzionyesha. Nyamera aliyesimama juu ya kichuguu akikodolea macho upande mmoja bila kula ni taarifa. Swala pala wanaokoroma kwa mshtuko ni taarifa yenye nguvu zaidi. Nyani wanaobweka mtini huongeza uhakika. Na tumbusi wanaoshuka mmoja baada ya mwingine huonyesha mzoga, ingawa wakibaki juu ya matawi bila kutua chini, yaelekea mwenye mzoga bado yupo. Hakuna ishara hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake, na umahiri wa mwongozaji hupimwa kwa jinsi anavyokataa kuikimbilia ya kwanza.

Ila ishara hizo humfaa aliyefika kwa wakati, na ni katika suala la saa ndipo wageni wengi wa Kigali hukosea hesabu. Simba hupumzika kwa takriban saa 20 kati ya 24, na hutembea zaidi kuanzia jioni hadi saa za mwanzo za asubuhi. Lango la kusini, ambalo ndilo la kuingilia, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Anayeondoka Nyamirambo baada ya swala ya alfajiri hulifikia yapata saa moja na nusu, jua likiwa limekwisha kupanda, na mbele yake kuna vichaka vizito vya kusini, vyenye mbung'o wanaovutwa na nguo za bluu na nyeusi, kabla ya kufika tambarare za kaskazini, ambako uwazi wa nchi humfaa mtazamaji. Kwa kuwa kuvuka hifadhi kutoka kusini hadi kaskazini kwa mwendo wa kutazama huchukua sehemu kubwa ya siku, mgeni huyo hufika mahali panapofaa wakati simba wamelala kivulini, kisha hulalamika kwamba hawapo.

Hatari iliyo mbele ni ya mafanikio yenyewe. Katika Maasai Mara, Kenya, ambako madereva huitana kwa redio mnyama anapoonekana, utafiti wa Femke Broekhuis uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba duma jike katika maeneo yenye watalii wengi alilea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao, dhidi ya 2.3 katika maeneo yenye watalii wachache. Simba ni mvumilivu kuliko duma, lakini uvumilivu una mpaka. Rwanda tayari inayo dawa yake kwa mnyama mwingine: kule Virunga, kundi la sokwe wa milimani hutembelewa kwa siku na watu wasiozidi 8 kwa muda wa saa moja, na wafuatiliaji hutangulia asubuhi ili wageni wasizurure msituni. Kanuni hiyo haiwezi kuhamishiwa savana jinsi ilivyo, kwa kuwa magari ya binafsi yanaruhusiwa Akagera, lakini kikomo cha magari kwa kila simba aliyeonekana kingesimamiwa kwa urahisi zaidi sasa, wageni wangali wachache kuliko wa Mara, kuliko baadaye mazoea yakishaota mizizi.

Kwa msomaji wa Nyamirambo anayepanga safari hiyo, ushauri unaotokana na uchambuzi huu ni mfupi: aende kati ya Juni na Septemba, alale ndani ya hifadhi, kwa mfano katika kambi ya Mutumba au ya Mihindi zilizo kaskazini, amchukue mwongozaji wa kijijini langoni, na asimshinikize dereva kulisogelea kundi ambalo tayari limezungukwa na magari.