Boliti na Upepo wa Hanamu

Vipande viwili vya feleji vikutanapo katika kiunzi cha jengo, fundi ana njia mbili kuu za kuvishikamanisha: avichomelee kwa moto hata viyeyukiane na kuwa kitu kimoja, au avitoboe na kuvikaza kwa boliti na nati. Wengi hudhani njia ya kwanza ndiyo imara na ya pili ni ya kubahatisha. Dhana hiyo si sahihi, kwani boliti ya feleji ngumu, ikikazwa kwa spana hata shina lake likavutika kidogo mfano wa kamba ya tanga lililojaa upepo, hubana vyuma kwa nguvu kubwa hata msuguano wa nyuso zake peke yake ukaweza kuvizuia visiteleze. Tafauti iliyo muhimu ni nyingine. Kichomeleo kilichopenya unene wote wa chuma huwa na nguvu sawa na chuma chenyewe, uwe mzigo ni huu au ule. Ama boliti, idadi yake hukatwa na mhandisi kwa kadiri ya mzigo alioukisia, na zikitiwa sita, sita ndizo zitakazobeba. Kiungo cha boliti ni mtiifu kwa hesabu iliyokizaa, na hesabu ikipunguka nacho hupunguka.

Jambo hili lilidhihirika New York, katika jengo la Citicorp lililokamilika mwaka 1977, lenye ghorofa 59 na kimo cha mita 279. Pembe moja ya kiwanja ilikuwa milki ya kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro, nalo liliridhia jengo lipite juu yake kwa sharti la kujengewa kanisa jipya pahala pale pale. Basi mhandisi William LeMessurier akaziondoa nguzo pembeni, akazisimamisha nne, kila moja katikati ya upande wake, zenye urefu wa ghorofa tisa, na pembe za jengo zikaachwa hewani bila ya kitu chini yake. Ili uzito ufike kwenye nguzo hizo, alitia katika kila upande mihimili ya mshazari, mfano wa herufi V zilizopandana, kila moja ikishika ghorofa nane. Ni kazi ya ustadi mkubwa, nami naisifu kwa moyo mkunjufu.

Viungo vya mihimili hiyo vilikusudiwa kuchomelewa kwa unene wote. Wajenzi wa chuma wakapendekeza boliti, kwa kuwa ni nafuu zaidi, na ofisi ya mhandisi ikakubali. LeMessurier mwenyewe hakupata habari ila mwaka 1978, jengo limekwisha simama. Mwaka huo huo, baada ya kuulizwa na mwanafunzi juu ya nguzo zile, alirejea kuupima upepo wa hanamu, ule upigao pembe na kusukuma pande mbili kwa pamoja. Sheria ya ujenzi ya mji ilimtaka apime upepo wa kukabili upande mmoja tu, na katika jengo lenye nguzo pembeni huo ndio mkali zaidi. Hapa nguzo zilikuwa katikati, na upepo wa hanamu ukaongeza nguvu katika baadhi ya mihimili kwa asilimia 40. Chuma chenyewe kingeweza kustahimili. Lakini katika viungo nyongeza ilifika asilimia 160.

Msomaji atauliza 40 imegeukaje 160. Tuchukue tarakimu nyepesi za mfano. Upepo wauvuta mhimili kwa 100, na uzito wa jengo waugandamiza kwa 75. Kinachobaki cha kuvuta ni 25, na boliti zikatiwa za kuzuia 25 hizo. Upepo ukifika 140, uzito haubadiliki, ungali 75 vile vile, na mvuto uliobaki ni 65. Arubaini ile nzima imeangukia boliti, na 40 juu ya 25 ndiyo asilimia 160. Kwa sababu hii kanuni za Marekani za leo humwamuru mhandisi, uzito unapomsaidia kuupinga upepo, auhesabu kwa sehemu 9 tu katika 10.

Tiba ilikuwa sahali kuliko maradhi. Tangu Agosti hadi Oktoba 1978, wafanyakazi wa ofisini wakishatoka, maseremala walibomoa kuta za ndani, kisha wachomeleaji wakabandika bamba za feleji zenye unene wa sentimita 5 hivi juu ya viungo zaidi ya 200, na kabla ya asubuhi masizi yakafagiliwa. Mwanzoni mwa Septemba tufani Ella ilielekea pwani ile, ilhali kazi haijesha, kisha ikageukia baharini.

Kwa rai yangu, kuchagua boliti hakukuwa kosa. Taksiri ilikuwa kubadili kiungo pasina kuirudia hesabu ya nguvu zote zitakazokifikia, hanamu ikiwamo; na taksiri ya pili ilikuwa kuwaficha wakazi wa mtaa ule, kwani umma haukujua habari hizi hata mwaka 1995, zilipoandikwa katika jarida la The New Yorker. Boliti za awali zingali humo, chini ya bamba zilizochomelewa.