Dyuki wa Mecklenburg na Watu Wasio na Majina

Kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ujerumani, palikuwa na dola ndogo iliyoitwa Mecklenburg-Schwerin. Ukoo mmoja uliitawala kwa karne nyingi, hadi utawala wa kifalme ulipofutwa mwaka 1918. Msomaji wa Rubavu anaweza kuuliza: hayo yatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu mmoja wa wana wa ukoo huo, Dyuki Adolf Friedrich, alipita katika nchi hii na msafara wake wa mwaka 1907 na 1908. Kitabu alichokichapisha mwaka 1909, Ins innerste Afrika, bado kinatajwa kila mtu anapotafuta habari za Kivu na Virunga za wakati huo. Hoja yangu ni kwamba kitabu hiki ni shahidi mzuri wa vitu, lakini ni shahidi mbaya wa watu.

Tuanze na jina lenyewe, ambalo maana yake ni ndani kabisa mwa Afrika. Ndani, ukitokea wapi? Kwa mtu wa Schwerin, ziwa letu liko mbali, nyuma ya pazia. Kwa mvuvi wa Kivu, aliyekuwa mbali ni Dyuki. Jina la kitabu linatuonyesha tangu jaladani ni nani anayetazama na ni nani anayetazamwa.

Haki yake tumpe. Alikuja na wataalamu wa kweli: Kirschstein alichunguza volkano, Mildbraed mimea, Schubotz wanyama, Weiss alichora ramani. Anayetaka kujua Virunga ilivyoonekana zaidi ya miaka mia moja iliyopita hawezi kuwapita watu hawa.

Lakini tazama picha mashuhuri kuliko zote za safari ile, iliyopigwa Nyanza, kwa Mwami Yuhi wa Tano Musinga. Kijana wa Kinyarwanda anaruka juu ya kamba katika mchezo wa gusimbuka, na chini yake wamesimama Wazungu wawili, mmoja wao Dyuki mwenyewe. Tunapewa kipimo cha mita 2.50, wakati ambapo rekodi ya kwanza ya dunia kutambuliwa rasmi, ya mwaka 1912, ilikuwa mita 2.00. Mrukaji alianzia kwenye kijiinuko kidogo, kwa hiyo vipimo hivyo viwili havilinganishwi moja kwa moja. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba tumepewa mita na hatukupewa jina. Baadaye Dyuki huyohuyo akawa rais wa kwanza wa Kamati ya Olimpiki ya Ujerumani iliyoundwa mwaka 1949. Aliyesimama chini ya kamba anajulikana, aliyeiruka hajulikani.

Ndivyo ilivyo kwa wapagazi pia. Februari 1908, msafara wa Kirschstein ulikumbwa na dhoruba ya baridi kali juu ya Karisimbi, wapagazi 20 wakafa. Kirschstein alinusurika, na jina lake limebaki katika vitabu. Wale waliombebea mizigo wamebaki kuwa namba.

Jambo zito kuliko yote ni la Jan Czekanowski, mwanaanthropolojia wa msafara. Alipima miili ya watu walio hai, na akakusanya mafuvu ya waliokufa yakapelekwa Berlin. Sisi tuliozaliwa baada ya 1994 tunajua mawazo ya kuwagawa Wanyarwanda kwa vipimo vya mwili yalitufikisha wapi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kati yake, 904 yalitoka katika Rwanda ya leo.

Wapo wenzangu wanaosema vitabu vya aina hii tuviache vioze. Naielewa hasira yao, lakini sikubaliani nao. Uchunguzi ule uliwezekana kwa sababu kumbukumbu za zamani zilihifadhiwa na watafiti, wakiwemo Wanyarwanda, wakazisoma upya. Karatasi iliyomgeuza mtu kuwa namba ndiyo hiyohiyo inayoweza kutuambia alitoka mlima upi. Tukiitupa, tunampoteza mara ya pili.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu ni kusoma, tena kusoma kwa ukali. Ripoti za kisayansi za msafara zimeandikwa kwa Kijerumani, na mwanafunzi wa Gisenyi anayetaka kujua habari za kwao analazimika kupitia lugha ya waliokuja kumpima. Zitafsiriwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Kisha, kila ukurasa unapotupa urefu wa mlima au wa mtu, tuulize swali ambalo Dyuki hakuliuliza: huyu aliitwa nani, na ndugu zake walimsubiri wapi?