Kuchonga, Kubanja na Gumegume: Neno juu ya Msamiati wa Zana za Mawe

Kila mtu aandikapo kwa Kiswahili juu ya Zama za Mawe, haikosi sentensi moja: watu wa kale "walichonga" zana zao. Sentensi hii imekaririwa hata haitiliwi shaka. Nakusudia kuonyesha kwamba kitenzi hicho hakifai, na kwamba madhara yake hayaishii katika lugha.

Kuchonga ni kazi ya tezo na patasi. Fundi huondoa kidogo kidogo mpaka umbo litokee. Pengine msomaji atasema kwamba hata jiwe huchongwa, kwa kuwa matumbawe ya mihrabu za pwani yalichongwa. Ni kweli, lakini mfano huo wathibitisha hoja yangu: matumbawe ni laini, yavumilia patasi. Mtengenezaji wa zana za kale alishika jiwe gumu, akaligonga ukingoni kwa jiwe jingine, kwa nguvu na mwelekeo aliokwisha kuupima moyoni. Kipande kikabanduka kwa pigo moja, na makali yakazaliwa papo hapo. Pigo likienda kombo, halirudishwi.

Kwa kazi hiyo tunayo maneno yetu: kubanja, kama mtu abanjavyo kokwa, na kubandua. Kinachobanduka chaweza kuitwa kibanzi, na jiwe lililobanduliwa, kiini. Mashoka yaliyong'arishwa ya wakulima wa kwanza wa Ulaya yalipitia kazi nyingine tena, yaani kusuguliwa. Kitenzi kimoja hakiwezi kubeba kazi zote hizi.

Neno gumegume nalo lataka uangalifu. Kamusi hulitoa kwa maana ya jiwe la kutoa cheche, na pia bunduki iliyowashwa kwa jiwe hilo. Umbo lake ladokeza ugumu; lakini lililompendeza fundi si ugumu peke yake, bali ni kwamba jiwe hilo huvunjika kwa namna anayoweza kuitabiri. Wala lisitumiwe kwa kila zana ya kale. Huko Olduvai, zana nyingi ni za mawe ya volkano na ya kwatzi.

Gumegume hasa yafaa kutazamwa kwao, kama huko Grime's Graves, Norfolk, Uingereza. Yapo mashimo zaidi ya 400, yaliyochimbwa tangu yapata miaka 4,500 iliyopita. Mengine yalizidi mita 12 kwenda chini. Wachimbaji walitumia pembe za kulungu kama sururu. Walipita matabaka mawili ya gumegume bila kuyajali, wakalifuata la tatu, lililo bora, kwa njia zilizotambaa chini ya mwamba wa chaki. Watu wa baadaye waliyapa mashimo hayo jina la Grim, mungu wao wa kale, jina ambalo kwa Kiingereza cha leo husomeka kama makaburi yake. Hapakuwa na makaburi. Ilikuwa mpaka uchimbuzi wa William Greenwell, kati ya 1868 na 1870, ndipo ikathibitika kwamba ni machimbo. Katika mji jirani wa Brandon, mafundi waliendelea kubanja gumegume za bunduki hata karne ya 20, na nyingi ziliuzwa Afrika.

Jina lisilofaa, basi, laweza kuficha kazi ya watu kwa karne nyingi. Nasi tusitende vivyo hivyo. Zana za Lomekwi, Kenya, zilizotangazwa mwaka 2015, zina umri wa miaka milioni 3.3. Mwanafunzi akiambiwa kwamba zilichongwa, ataona mtu aliyeparura jiwe bila haraka. Akiambiwa kwamba zilibanjwa, atauliza: alijuaje pa kugonga? Swali hilo ndilo mwanzo wa elimu yenyewe, na lugha isiyoliruhusu kuulizwa imemnyima mwanafunzi haki yake.