Mwaka 1885 katika Tawasifu ya Tippu Tip

Mitaala ya historia ya dunia huhesabu miaka ya mageuzi kwa kalenda ya Ulaya: 1789, 1815, 1848, 1914. Kati yake huwekwa Mkutano wa Berlin, uliofunguliwa 15 Novemba 1884 na kufungwa 26 Februari 1885, nao husomwa kwa nyaraka za waliokaa mezani. Hali tunayo matini ya Kiswahili inayogusa mageuzi hayo kutoka bara: tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo Heinrich Brode aliitoa huko huko Berlin kuanzia 1902.

Tawasifu hii imelaumiwa kwa uchache wa tarehe. Kwa maoni yangu lawama hiyo ni nyepesi. Msimulizi ni mfanyabiashara, huhesabu muda kwa safari na kwa pembe. La kuchunguzwa zaidi ni namna anavyoeleza jinsi utawala unavyopatikana.

Tuchukue kisa cha Utetera, jina ambalo halitupiti sisi wa Tunda. Tippu Tip anafika kwa mtawala mzee, Kasongo Rushie, na kujitambulisha kuwa mjukuu wa mwanamke wa ukoo huo aliyechukuliwa mateka zamani. Mzee anampokea na kumwachia nchi. Wasomaji karibu wote wameuona udugu huo kuwa wa kubuni, nami nakubaliana nao. Lakini hata uongo huo ulimhitaji msikilizaji mwenyeji: ulibidi usemwe mbele yake, kwa mantiki ya ukoo anayoielewa.

Berlin haikuhitaji hivyo. Mikataba ambayo watu wa Stanley waliwatilisha machifu alama kando ya mto Kongo iliandikwa ili isomwe Ulaya. Kwa nguvu yake, mataifa yaliitambua bendera ya Leopold II, na hakuna Mwafrika aliyeketi kikaoni. Sultani wa Unguja hakualikwa. Hapo ndipo ninapoyaona mageuzi yenyewe: msikilizaji amehama.

Tawasifu haiutungii mkutano huo sura. Inatupa mazungumzo tu, pale Sayyid Barghash anapomwambia Tippu Tip kwamba bara halitaki tena, kwa kuwa Wazungu wanaitaka Unguja yenyewe, na kwamba waliokwisha kufa wamepumzika. Msimulizi hapambi wala haongezi maombolezo. Anafahamu kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 1887 anakubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aliyewahi kupewa nchi kwa hadithi sasa anaajiriwa kwa hati.

Hata hivyo tusiifanye tawasifu hii kuwa sauti ya Maniema. Wenyeji humo ni washenzi. Wapagazi na mateka hawasemi. Maneno ya Kasongo Rushie tunayapata kwa kinywa cha aliyefaidika nayo. Kingwana tunachozungumza kililetwa na misafara hiyo hiyo, na mwanaisimu anayekisifu bila kuitaja minyororo amesoma nusu ya ushahidi. Masimulizi yanaishia kwenye kurudi Unguja na kesi zake. Vita vya 1892–1894, vilivyoiangusha Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili, na kumuua mwanawe Sefu, havikupata msimulizi humo.